Roland Garros: maswali yanayorudi barazani kila Mei

Kila Mei ikielekea ukingoni, televisheni inatolewa nje kwenye baraza yetu hapa Mji Mkongwe, waya unapitishwa dirishani, na maswali ya tenisi yanaanza. Ni yale yale ya mwaka jana, wengine wanayauliza mpira ukiwa hewani. Nimeyakusanya hapa ili mwulizaji asome kwenye simu yake na sisi wengine tuangalie mchezo. Hesabu zote zinaishia mashindano ya 2025.

## Mambo ya mwanzo

Roland Garros na French Open ni mashindano mawili?

Ni moja. Wafaransa wanayaita Roland-Garros kwa jina la uwanja, wenye kutangaza kwa Kiingereza wanasema French Open. Yanachezwa Paris, wiki mbili, mwisho wa Mei na mwanzo wa Juni. Ni moja ya mataji manne makubwa ya tenisi duniani. Mengine ni Australia, Wimbledon na Marekani, na katika manne hayo hili peke yake linachezwa juu ya udongo.

Yalianza 1891, lakini yakiwa ya wanachama wa vilabu vya Ufaransa tu. Wageni walifunguliwa mlango rasmi mwaka 1925. Uwanja wenyewe ulijengwa 1928, kwa sababu mwaka mmoja kabla Wafaransa wanne, Lacoste, Borotra, Cochet na Brugnon, walikwenda Marekani wakalichukua Kombe la Davis, la timu za mataifa, na lilihitajika pahala pa kulitetea. Kombe wanalopewa wanaume mpaka leo linaitwa kwa hao wanne, Kombe la Mousquetaires. La wanawake linaitwa kwa Suzanne Lenglen.

Huyo Roland Garros alikuwa bingwa wa tenisi?

Hapana, na hapa ndipo watu wanaposhangaa. Alikuwa rubani. Mwaka 1913 alivuka bahari ya Mediterania kwa ndege bila kutua, kutoka kusini mwa Ufaransa hadi Bizerte, Tunisia, wa kwanza kufanya hivyo. Alikufa vitani Oktoba 1918, siku moja kabla ya kutimiza miaka 30.

Lililonifurahisha mimi ni alikozaliwa: Saint-Denis, kisiwa cha Réunion. Yaani ni mtoto wa bahari yetu hii hii, ukishuka kusini ukaipita Ngazija na Bukini. Siku nilipolisema hilo barazani, mzee mmoja aliyekuwa hana habari na tenisi aligeuza kiti chake kikaelekea televisheni.

Yanaanza saa ngapi kwa saa zetu?

Majira hayo Paris wako nyuma yetu kwa saa moja. Viwanja vya nje vinaanza saa sita mchana kwa saa za Zanzibar. Mchezo wa usiku, ulioanzishwa 2021, unaanza kama saa tatu na robo usiku, na ukifika seti tano utalala saa saba au saa nane. Nusu fainali za wanaume ni Ijumaa, baada ya watu kurudi kutoka msikitini. Fainali ya wanawake Jumamosi, ya wanaume Jumapili, zote saa kumi, yaani ukishasali alasiri umewahi.

Pointi zinahesabiwaje?

Gemu moja: 15, 30, 40, halafu gemu. Mkifungana 40 kwa 40 inaitwa diusi, na hapo lazima mmoja ashinde pointi mbili mfululizo. Gemu sita ni seti, ila uwe umemzidi mwenzako kwa mbili. Ikiwa 6-6 wanacheza taibreki: wa kwanza kufika pointi 7, tofauti ya mbili. Wanawake wanahitaji seti mbili kati ya tatu, wanaume tatu kati ya tano.

Seti ya mwisho ina kanuni yake. Tangu 2022 ikifika 6-6 taibreki inakwenda mpaka 10. Zamani Paris walikuwa wakiendelea tu mpaka mmoja amzidi mwenzake kwa gemu mbili, na ndiyo maana matokeo ya zamani yana namba kama 8-6.

Wanacheza watu wangapi, na wale 32 wenye namba mbele ya jina ni nani?

Wanaume 128 na wanawake 128. Anayetwaa ubingwa ameshinda michezo saba. Wale 32 ni walio juu katika orodha ya dunia. Wanatawanywa kwenye droo, yaani ratiba ya nani acheze na nani, wasikutane wao kwa wao mapema. Wengine wanaingia kwa nafasi yao katika orodha, 16 wanaingia kwa mashindano ya mchujo wiki moja kabla, na wachache wanapewa kadi ya mwaliko. Usiwadharau hao wa mwaliko (soma swali la Boisson, chini huko).

## Udongo wenyewe

Ni udongo gani ule? Ni kama huu wa kwetu wa Pemba?

Rangi imefanana, asili mbali. Ule mwekundu si udongo wa shamba, ni tofali lililosagwa mpaka likawa vumbi. Na ni tabaka jembamba mno, milimita moja au mbili tu juu kabisa. Chini yake mna chokaa nyeupe iliyosagwa, kisha masizi ya makaa ya mawe, kisha changarawe, kisha mawe ya kupitisha maji. Ukilikwangua vumbi lile kwa unyayo unakuta weupe. Ndiyo maana mchezaji akiteleza kwa nguvu anaacha mchirizi uliopauka.

Uwanja unamwagiwa maji ili vumbi lisiruke. Kila seti ikimalizika wanaingia vijana kukokota wavu mkubwa wakizunguka uwanja mzima, mithili ya wavuvi wanaovuta juya, na nyuma yao mmoja na ufagio anasafisha mistari. Mimi kipande hicho nakipenda kuliko matangazo.

Kwa nini udongo unabadilisha mchezo kiasi hicho?

Kwa sababu unaushika mpira. Ukitua kwenye nyasi, kama za Wimbledon, mpira unateleza na kubaki chini, kwa hiyo mwenye sevu kali (pigo la kuanzisha pointi) anamaliza kazi mapigo mawili. Juu ya udongo chembe zinaukwamisha, unapoteza mwendo, halafu unaruka juu. Mpokeaji anapata nukta ya ziada ya kuufikia. Nukta hiyo moja ndiyo inayoharibu hesabu: pigo ambalo Wimbledon ni pointi, Paris ni mwanzo wa mazungumzo.

Basi anayefaidika ni mwenye mapafu, mwenye miguu, na mwenye kuuzungusha mpira. Mpira uliopigwa kwa kuviringishwa kwenda mbele ukitua unapanda mpaka begani kwa mpinzani, na kuupiga mpira wa begani mara mia mbili kwa alasiri moja kunachosha watu wazima.

Hali ya hewa nayo imo. Jua likiwaka, mpira mwepesi, unaruka. Kukiwa na baridi na unyevu, mpira unabeba vumbi, unakuwa mzito, na mwenye nguvu ndogo anaumia.

Mbona wanateleza na hawaanguki?

Wanateleza kwa makusudi. Mchezaji wa udongo anaanza kuteleza kabla hajaupiga mpira, ili akifika awe anasimama huku anapiga, na palepale ageuke. Asiyezoea anakimbia, anapiga, kisha ndiyo anateleza, na hapo ameshachelewa kurudi katikati. Ukitaka kumjua nani kakulia kwenye udongo usiangalie mkono, angalia miguu.

Kuanguka kupo. Nusu fainali ya 2022 Alexander Zverev alikuwa anambana Rafael Nadal wa Hispania vibaya, mguu ukamgeuka kwenye kona, mishipa ya kifundo ikachanika. Alitolewa kwa kiti cha magurudumu, akarudi kwa magongo kumkumbatia mwenzake.

Kwa nini mwamuzi anashuka kwenye kiti kuangalia chini?

Anasoma alama. Mpira ukitua juu ya vumbi unaacha duara lake, na duara likigusa mstari mpira umeingia. Mpaka 2025 Paris ndiyo peke yake kati ya zile nne iliyobaki na waamuzi wa mistari, binadamu. Wengine wote wamehamia kwenye mashine. Ugomvi ni mwingi, kwa sababu alama ni nyingi na kila mtu anachagua inayomfaa.

Ugomvi mkubwa wa namna hiyo ni wa fainali ya 1999. Martina Hingis alikuwa anaongoza dhidi ya Steffi Graf, mpira wake mmoja ukaitwa nje. Akauzunguka wavu akaenda upande wa Graf kuonyesha alama kwa kidole. Kuvuka kwenda upande wa mpinzani hakuruhusiwi; akanyang'anywa pointi, watazamaji wakaanza kumzomea, na kichwa kikamtoka. Graf akageuza: 4-6, 7-5, 6-2. Hingis alishinda mataji makubwa kwengine, la Paris la mchezaji mmoja mmoja hakulipata mpaka anastaafu. Duara moja la vumbi lile.

Mvua ikinyesha?

Uwanja mkuu, Philippe-Chatrier, una paa tangu 2020, na Suzanne-Lenglen tangu 2024. Kwengine wanafunika na kungoja. Manyunyu madogo hayasimamishi mchezo, udongo unayanywa.

## Waliopendwa na udongo

Nadal alitwaa mara ngapi kwa hakika?

Mara 14: 2005 hadi 2008, 2010 hadi 2014, 2017 hadi 2020, na 2022. Alicheza fainali 14, hakupoteza hata moja. Kwa jumla alishinda michezo 112 akapoteza 4. Kila nikizitaja namba hizi kuna mtu anadhani nimeongeza chumvi.

Mara ya kwanza kuingia ndiyo mara ya kwanza kutwaa, mwaka 2005, siku mbili baada ya kutimiza miaka 19. Naye pia ni mtu wa kisiwani, Manacor, Mallorca, na kocha wake kwa miaka mingi alikuwa ami yake, Toni.

Kwa nini yeye na si mwengine?

Wengi wanajibu "nguvu" na wananyamaza. Nguvu walikuwa nazo wengi. Nadal alikuwa na mkono wa kushoto wenye kuuzungusha mpira zaidi ya mara 3,000 kwa dakika, na fohendi hiyo ya kushoto (pigo la upande wa mkono wa raketi) ikitoka inakwenda moja kwa moja kwenye bakihendi (pigo la upande wa pili) ya mtu anayetumia mkono wa kulia, juu, begani, mahali pabaya kuliko pote. Udongo ukaongeza mruko. Halafu alisimama nyuma kabisa, karibu na ukuta, akarudisha kila kitu.

Lakini kwa maoni yangu siri yake ilikuwa kwamba hakuwa na pointi ndogo. Akiongoza 5-0 alicheza pointi inayofuata kana kwamba kapungukiwa. Fainali ya 2020, iliyosogezwa mpaka Oktoba kwa ajili ya korona, baridi, paa limefungwa, mpira mzito, wataalamu wote wakasema hii si hali yake. Alimfunga Djokovic 6-0, 6-2, 7-5.

Nani waliomfunga?

Watatu tu. Robin Söderling wa Sweden mwaka 2009, mzunguko wa nne, wakati Nadal ameshinda 31 mfululizo pale. Novak Djokovic mara mbili, 2015 na 2021. Na Zverev 2024, mzunguko wa kwanza, Nadal akiwa na mwili uliochoka. Mwaka 2016 hakufungwa, alijitoa kwa kifundo cha mkono (tazama swali la kujitoa). Alistaafu Novemba 2024. Mei iliyofuata wakambandikia alama ya unyayo wake uwanjani, na wapinzani wake wakubwa, Federer, Djokovic na Murray, walikuja kusimama naye.

Kabla ya Nadal nani alikuwa mfalme?

Björn Borg wa Sweden, mara 6, kati ya 1974 na 1981. Alifungwa mara mbili tu pale, na mara zote mbili ni mtu mmoja, Adriano Panatta wa Italia, 1973 na 1976. Kila mfalme ana wa kwake.

Na wanawake?

Swali hili huulizwa na kina dada waliokaa kwenye kizingiti, na wana haki ya kulalamika kwamba tunamzungumza Nadal mpaka chai inapoa.

Rekodi ni ya Chris Evert wa Marekani, mara 7. Kati ya 1973 na 1979 alishinda michezo 125 ya udongo bila kupoteza. Na hakwenda Paris 1976, 1977 wala 1978, kwa sababu alikuwa na mkataba wa ligi ya timu kwao Marekani. Angekwenda, mimi naamini yangekuwa kumi. Graf alitwaa 6, na fainali yake ya 1988 dhidi ya Natasha Zvereva ilikwisha 6-0, 6-0, kabla kahawa haijazunguka mara ya pili. Monica Seles alitwaa tatu mfululizo kuanzia 1990, ya kwanza akiwa na miaka 16. Justine Henin wa Ubelgiji nne.

Wa zama zetu ni Iga Świątek wa Poland: 2020, akiwa nafasi ya 54 duniani, kisha 2022, 2023, 2024. Alifika michezo 26 bila kufungwa pale, mpaka Aryna Sabalenka alipomtoa nusu fainali ya 2025, seti ya mwisho 6-0. Siku mbili baadaye Sabalenka naye akafungwa fainali na Coco Gauff, 6-7, 6-2, 6-4, siku ya upepo mkali, akikosea mwenyewe mara 70. Alipomaliza alikuwa mkali kwa kila kitu, hata upepo. Wavuvi barazani walimwelewa.

Ile fainali ya Alcaraz na Sinner ilikuwaje? Mimi nililala.

Tarehe 8 Juni 2025, Idi Kubwa bado iko mjini, watoto wamevaa nguo mpya wanarudi na puto. Saa kumi tumekaa. Jannik Sinner hakuwa amepoteza hata seti moja mashindano mazima. Akachukua ya kwanza, akachukua ya pili kwa taibreki. Magharibi ilipoadhiniwa wengi waliondoka wakijua imekwisha, kwa sababu Carlos Alcaraz hakuwahi maishani mwake kugeuza mchezo akiwa nyuma seti mbili.

Waliorudi baada ya isha walitukuta palepale. Alcaraz alikuwa kapata ya tatu, lakini ya nne yuko nyuma 3-5, na kwenye sevu yake ni 0-40. Pointi tatu za ubingwa kwa Sinner: akipata moja tu, kombe lake. Mimi nilishaanza kukunja waya wa upande wa dirisha. Ya kwanza Sinner akaupiga mrefu. Ya pili ikapita. Ya tatu ikapita. Nikauachia waya.

Ikawa 4-6, 6-7, 6-4, 7-6, 7-6, taibreki ya mwisho 10-2. Saa 5 na dakika 29, fainali ndefu kuliko zote katika historia ya pale. Tulipoinuka ilishapita saa tatu na nusu usiku. Ukihesabu pointi zote, Sinner alishinda 193 na Alcaraz 192. Aliyeshinda pointi nyingi ndiye aliyerudi nyumbani bila kombe. Mzee wangu mmoja, mchezaji bao, aliposikia hesabu hiyo aliuliza mara tatu kama sikukosea. Kwake yeye mwenye kete nyingi ndiye mshindi, basi.

## Walionyimwa

Inakuwaje Sampras hakuwahi kutwaa?

Pete Sampras ana mataji makubwa 14 na hakuna hata moja la Paris. Aliendelea zaidi mwaka 1996, nusu fainali, akafungwa na Yevgeny Kafelnikov aliyetwaa ubingwa. Mchezo wake ulikuwa sevu na kukimbilia wavuni, na udongo unamwibia mtu wa namna hiyo kitu chake bora (sababu ziko kwenye swali la kwa nini udongo unabadilisha mchezo). Boris Becker vilevile, John McEnroe vilevile. McEnroe mwaka 1984 alikuwa mbele seti mbili fainali, Ivan Lendl akamgeuza.

Kwa hiyo mtu akikwambia fulani si mkubwa kwa kuwa hana Paris, mwambie anyamaze. Mtu akikwambia Paris ni kombe kama makombe mengine, naye mwambie anyamaze.

Federer je?

Moja, 2009. Alikuwa anafungwa na Nadal kila mwaka: nusu fainali 2005, fainali 2006, 2007, 2008, na baadaye tena 2011. Ule mwaka mmoja Söderling alipomwondoa Nadal, njia ikafunguka, na Federer akamfunga huyo huyo Söderling fainali. Wanaosema alibahatika wanasahau kwamba ili bahati ikukute fainali lazima uwe umefika fainali, na yeye alikuwa akifika kila mwaka.

Djokovic?

Tatu: 2016, 2021, 2023. Na Agosti 2024, kwenye uwanja ule ule wa Chatrier, akapata dhahabu ya Olimpiki kwa kumfunga Alcaraz. Miezi miwili kabla alijitoa hapo hapo akiwa na goti bovu.

Nani aliumia kuliko wote?

Kwangu ni Guillermo Coria, 2004. Fainali ya Waargentina wawili. Yeye namba tatu duniani, mwenzake Gastón Gaudio nafasi ya 44. Akaanza 6-0, 6-3. Seti ya nne miguu ikamkaza, anasevu kama mtu anayetupa jiwe kwa huruma, akaipoteza 6-1. Ya tano akajikusanya, akapata pointi mbili za ubingwa, zote zikatoka nje kidogo. Gaudio 8-6. Coria hakucheza tena fainali yoyote ya taji kubwa.

## Wasiotarajiwa

Kijana mdogo kuliko wote?

Kwa wanaume ni Michael Chang wa Marekani, 1989, miaka 17 na miezi mitatu. Mzunguko wa nne alicheza na Lendl, namba moja wa dunia. Nyuma seti mbili, miguu inakamata, anakula ndizi na kunywa maji kila anapokaa. Seti ya tano akasevu kwa chini, mkono wa chini kabisa, kama mtoto anayefundishwa. Lendl alitazama kama aliyeona jini, akapoteza pointi, akapoteza na mchezo. Chang akaendelea mpaka akamfunga Stefan Edberg fainali.

Wasiojulikana wamewahi kutwaa?

Gustavo Kuerten wa Brazil alikuwa nafasi ya 66 alipotwaa 1997, akarudia 2000 na 2001, na mara ya mwisho hiyo akachora moyo mkubwa kwenye udongo kwa raketi yake kuwashukuru watu. Jeļena Ostapenko wa Latvia 2017, nafasi ya 47, seti moja nyuma na 0-3 dhidi ya Simona Halep, akaupiga kila mpira kana kwamba umemtukana, akatwaa.

Yule Mfaransa wa 2025 aliyetoka pasipojulikana ni nani?

Loïs Boisson. Nafasi ya 361, kaingia kwa kadi ya mwaliko, na hayo ndiyo yalikuwa mashindano yake makubwa ya kwanza, kwa sababu mwaka uliotangulia goti lilimkatika siku chache kabla ya kuanza. Akamtoa Jessica Pegula, namba tatu duniani, akamtoa Mirra Andreeva, akafika nusu fainali. Gauff akamaliza hadithi.

## Afrika na sisi

Mwafrika amewahi kutwaa?

Jaroslav Drobný alitwaa 1951 na 1952 akiichezea Misri, ingawa mzaliwa wa Czechoslovakia aliyekimbia kwao. Anayetajwa zaidi barazani ni Yannick Noah, bingwa wa 1983. Aliichezea Ufaransa lakini kakulia Yaoundé, Kameruni, kwa baba yake Zacharie aliyekuwa mwanasoka. Arthur Ashe alipita Yaoundé mwaka 1971, akamwona mtoto yule anavyopiga, akawaambia Wafaransa. Miaka kumi na miwili baadaye baba mtu aliingia mbio uwanjani kumkumbatia mwanawe. Tangu siku hiyo hakuna mwanamme wa Kifaransa aliyelitwaa tena. Kwa wanawake wao wa mwisho ni Mary Pierce, 2000.

Ons Jabeur wa Tunisia alitwaa la wasichana 2011, na kwa wakubwa akafika robo fainali 2023. Jirani yetu Angella Okutoyi wa Kenya alitwaa Wimbledon ya wasichana wawili wawili 2022.

Mwanangu anataka kujifunza. Nianzie wapi?

Ukuta, mpira, na raketi yoyote. Mimi nilijifunzia ukuta wa skuli, kwa raketi ya mbao yenye nyuzi tatu za mshipi wa kuvulia samaki badala ya zilizokatika. Ukuta haukosei, unakurudishia ulichoupa. Akishaweza kuupiga mara hamsini bila kuupoteza, mtafutie mwalimu. Kutoka hapo njia ni mashindano ya vijana ya kimataifa, pointi, orodha ya dunia, mchujo. Ni njia ya gharama, khasa nauli.

## Ya pembeni

Anayetolewa siku ya kwanza analipwa?

Ndiyo. Mwaka 2025 aliyefungwa mzunguko wa kwanza alipata euro 78,000, zaidi ya shilingi milioni 200. Bingwa alipata euro 2,550,000, mwanamme na mwanamke sawa.

Mtu akijitoa, inahesabiwa kafungwa?

Akijitoa kabla ya mchezo kuanza, haiingii kwenye rekodi yake kama kufungwa, mpinzani anapita tu. Ndiyo hali ya Nadal 2016. Akiacha katikati ya mchezo, kafungwa. Zverev 2022 kwa hiyo imeandikwa kafungwa.

"Mfungwa mwenye bahati" ni nini?

Ni aliyetolewa mzunguko wa mwisho wa mchujo, kisha mtu wa droo kuu akaugua au akaumia, naye akaitwa kuziba. Wengine huitwa wakiwa wameshafunga mabegi.

Mbona Paris wanavaa rangi na Wimbledon nyeupe?

Nyeupe ni sharti la Wimbledon. Paris hawana. Nyeupe kwenye tofali lililosagwa, mwenye kufua ndiye angejua.

Nipe mshindi wa leo niweke mkeka.

Hapana. Baraza hii iko hatua ishirini kutoka mlango wa msikiti. Na hata isingekuwa hivyo, rudi ukasome tena swali la Alcaraz na Sinner.

Umeme ukikatika seti ya tano?

Kuna betri ya gari chini ya benchi, inatosha televisheni kwa kama saa mbili. Feni haitawashwa. Usiulize.